Rimu za zamani, breki mpya: Mtego kwa wenye Land Rover kongwe Mpanda

MWENYE Land Rover kongwe mjini Mpanda anapoamua kubadilisha breki za mbele, jambo la kwanza analouliza huwa ni bei ya vifaa. Lipo swali jingine ambalo lingepaswa kutangulia: je, rimu za zamani za gari hilo zitaweza kuzunguka juu ya breki hizo mpya bila kuzigusa?

Swali hilo si la urembo. Jibu lake likikosewa, gari linaweza kupoteza breki au gurudumu likiwa katika mwendo.

Land Rover za aina ya Series, ambazo ziliundwa Uingereza kuanzia mwaka 1948 hadi 1985, zilitoka kiwandani zikiwa na breki za dramu katika magurudumu yote manne. Breki hizo zilitosha kwa barabara za vumbi na mwendo wa zama zake. Hivi sasa lami inaiunganisha Mpanda na Tabora, na gari lililozoea mwendo wa kilomita 40 kwa saa hujikuta likiendeshwa kwa 80. Mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu ambayo breki zinatakiwa kuimeza huongezeka mara nne.

Nguvu hiyo hugeuka kuwa joto. Dramu ikipata joto kali hutanuka na kujitenga na viatu vya breki vilivyomo ndani yake, hivyo dereva hulazimika kukanyaga zaidi huku gari likipunguza mwendo kidogo tu. Aidha, gari likivuka maji wakati wa masika, kama inavyotokea katika mabonde ya Mto Katuma, dramu huhifadhi maji na tope ndani. Diski, kwa kuwa iko wazi, hupoa upesi na kuyatupa maji inapozunguka.

Ndiyo maana wazo la kuhamishia diski katika gari kongwe lina mantiki. Range Rover ilikuwa na diski magurudumu yote tangu ilipoanza kuuzwa mwaka 1970, na Land Rover One Ten ya mwaka 1983 ilikuja na diski mbele. Kinachovutia zaidi ni kwamba magari hayo yana stadi tano katika kila gurudumu, na duara linalopita katikati ya stadi hizo lina kipenyo cha milimita 165.1, sawa kabisa na la Land Rover za Series.

Mtego umejificha hapo hapo. Kwa kuwa matundu yanaoana, ni rahisi kuamini kwamba rimu nayo inaoana. Matundu hueleza tu kwamba rimu inaweza kufungwa. Hayaelezi nafasi iliyopo ndani yake.

Breki ya diski hufanya kazi kwa kibanio, ambacho mafundi hukiita kalipa, kinachoikumbatia diski na kuibana kwa pedi mbili. Sehemu ya kalipa hujitokeza kuelekea nje, mahali ambapo katika breki ya dramu palikuwa wazi. Rimu za chuma za zamani zilibuniwa kufunika dramu. Rimu ya inchi 15, au ya inchi 16 ambayo sahani yake ya katikati imekaa karibu mno na habu, inaweza kugusa mgongo wa kalipa.

Tatizo huwa kubwa zaidi pale vifaa vinapokusanywa kutoka magari tofauti yaliyokatwakatwa. Diski nene yenye njia za hewa katikati huhitaji kalipa pana kuliko diski nyembamba. Upande wa kulia ukifungwa ya aina moja na wa kushoto ya aina nyingine, rimu inaweza kuingia upande mmoja na kukataa mwingine. Hata zikiingia zote, kalipa zenye pistoni za ukubwa tofauti hubana kwa nguvu tofauti, na gari huvutwa upande mmoja kila breki inapokanyagwa. Katika lami yenye mvua, mvuto huo unatosha kulitoa gari barabarani.

Hapo ndipo njia za mkato hujitokeza. Ya kwanza ni kusaga kalipa kwa grainda hadi rimu ipite. Kalipa hubeba shinikizo kubwa la mafuta ya breki, na kuipunguza unene ni kuidhoofisha. Kuisaga rimu nako huipunguzia uwezo wa kubeba mzigo.

Njia ya pili ni kuweka spesa kati ya habu na rimu. Spesa huisukuma rimu nje, lakini pia huongeza mzigo katika beringi, hubadilisha tabia ya usukani na hupunguza urefu wa stadi unaoshikwa na nati. Kanuni ya ufundi ni kwamba nati ishike uzi kwa urefu usiopungua unene wa stadi yenyewe. Kwa stadi ya milimita 16, ni milimita 16. Nati inayoshika mizunguko michache tu huweza kukaza vizuri gereji, kisha ikaachia njiani.

Njia iliyo salama huanza kwa kupima kabla ya kununua. Rimu isiyo na tairi hufungwa juu ya breki, nati zote zikakazwa, kisha ikazungushwa kwa mkono mzunguko mzima huku usukani ukipindwa hadi mwisho pande zote mbili. Ili kujua nafasi iliyobaki, donge dogo la udongo laini hubandikwa juu ya kalipa kabla ya kufunga rimu. Unene wa udongo uliobaki ndio nafasi yenyewe. Isipungue milimita 3, kwa kuwa rimu hupinda kidogo katika kona na beringi huwa na ulegevu wake. Vipande vya risasi vya kusawazisha gurudumu navyo visisahauliwe, maana vikiwekwa upande wa ndani vinaweza kugonga kalipa.

Rimu ikikataa, suluhisho ni kutafuta rimu ya chuma iliyotengenezwa kwa gari lenye diski. Mwenye gari atapata sura inayokaribia ile ya zamani bila kugusa kalipa.

Hata hivyo, kazi haiishii kwenye gurudumu. Diski huhitaji shinikizo kubwa kuliko dramu, hivyo masta silinda hulazimika kulingana nazo, na mara nyingi busta huhitajika. Mifumo mingi ya dramu pia ina vali inayobakiza shinikizo kidogo ndani ya mabomba. Ikiachwa, pedi hubaki zikiigusa diski na kuichemsha hata dereva asipokanyaga breki.

Baada ya matengenezo, gari lijaribiwe kwa mwendo mdogo mahali pa wazi. Nati zikaguliwe tena baada ya safari fupi. Kutoka Mpanda hadi Sitalike, lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ni umbali unaofaa kusimama na kukaza upya. Alama ya mkwaruzo mpya ndani ya rimu ni ishara ya kurudi gereji taratibu, si ya kuendelea na safari.

Kwa asiyeweza kugharimia vyote hivyo, dramu zilizorekebishwa vizuri na mwendo wa wastani ni salama kuliko diski zilizolazimishwa chini ya rimu isiyo yake. Gari kongwe lilidumu miaka 50 kwa sababu kila sehemu yake ilijua nafasi ya mwenzake.