Ebola: namna kirusi kinavyoteka kiwanda cha mwili

Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, Ebola iliua watu 2.287 mashariki mwa Kongo, wengi wao katika majimbo ya Kivu Kaskazini na Ituri. Lakini kirusi chenyewe ni kidogo ajabu. Kina jeni 7 tu, na peke yake hakiwezi kutengeneza hata protini moja. Basi nguvu ya kumlaza mtu mzima kwa siku chache kinaitoa wapi?

Kinaitoa kwetu. Karibu kila seli ya mwili ina mashine ndogo nyingi ziitwazo ribosomu. Kazi yazo ni kusoma ujumbe unaotoka kwenye jeni na kutengeneza protini. Ribosomu haiulizi ujumbe umetoka kwa nani.

Ebola inaingia ndani ya seli, inaandika ujumbe wake, na ribosomu zetu zinausoma kama ujumbe wa nyumbani. Protini ya kirusi iitwayo VP35 inazuia seli isitoe onyo kwa jirani zake. Virusi vipya vinatoka na kushambulia seli zingine.

Ndiyo sababu antibiotiki haziui Ebola. Tetrasikilini, kwa mfano, inazuia ribosomu za bakteria, ambazo ni tofauti na zetu. Kirusi hakina ribosomu yake. Kuzipiga zile kinazozitumia ni kumpiga mgonjwa mwenyewe.

Kwa hiyo watafiti, wakiwemo wale wa INRB ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, walilenga mlango. Dawa ya Ebanga ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Inashika protini iliyo juu ya kirusi cha aina ya Zaire na kukizuia kuingia katika seli.

Ilijaribiwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina kuanzia Novemba 2018. Kati ya waliopewa dawa hiyo wakiwa na virusi vichache mwilini, karibu mgonjwa 1 kati ya 10 alifariki. Kwa waliokuwa na virusi vingi, karibu 7 kati ya 10 walifariki, ingawa dawa ilikuwa ileile.

Dawa hiyo inafunga mlango, lakini haisimamishi kazi katika seli zilizokwisha kutekwa. Mgonjwa anayebaki nyumbani akingoja homa ishuke anakipa kirusi muda wa kuongezeka. Anayefika kituoni mapema anaipa dawa nafasi ya kumwokoa.