Kumkumbuka Bibi kwa Kuwazuru Aliowapenda

Kwa ada zetu za Pwani, mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, na msichana anayeolewa na mjukuu huyo huwa mke mwenza wa bibi. Ndivyo nilivyopokewa na mama mzazi wa mavyaa wangu nilipoolewa Mji wa Kale, Mombasa. Mbele ya wageni alinishitaki kuwa nimemnyang'anya mume; wageni wakiondoka, alinikalisha jikoni akanifunza mkate wa kumimina. Kwa utani ule niliacha kuwa mgeni nyumbani mwao.

Huu ni mwaka wa pili tangu arejee kwa Mola wake. Binti yetu mwenye miaka sita humkumbuka kwa harufu ya asumini tu. Jumamosi iliyopita, badala ya kumpeleka Laitihausi kula mihogo, tulivuka naye feri ya Likoni hadi Mtongwe, kwa shoga yake Bibi, tukiwa na mkate wa kumimina kikapuni.

"Bibi hayupo, tunampelekea nani mkate?" aliuliza mtoto kivukoni.

Jawabu alilipata kwa mwenyeji wetu. Mzee yule, ambaye macho yake yamefifia, alionja kipande akanyamaza kitambo. Kisha akamweka mtoto ubavuni, akamsimulia kwamba alipofiwa na mumewe akiwa na watoto wadogo, Bibi alimwachia zamu yake ya upatu, naye akanunua cherehani iliyowalea wanawe. Bibi alimsihi asimwambie mtu. Hata mavyaa wangu hakuwa na habari.

Laiti tungechelewa, sadaka ile ingebaki kwa Mola peke yake, na malipo yake yasingepungua. Lakini kizazi chetu kingekosa funzo.

Mwendo huu una asili katika dini yetu. Bi Aisha (R.A.) amesimulia kuwa Mtume (S.A.W.) alipochinja kondoo alikuwa akiwapelekea nyama marafiki wa Bi Khadija (R.A.), ambaye alikuwa amekwisha kufariki. Naye Abdullah bin Umar alikutana njiani na bedui ambaye baba yake alikuwa rafiki wa Umar, akampa punda wake na kilemba chake, kwa kuwa kuwaunga wapenzi wa mzazi ni katika wema ulio bora.

Kina mama wenzangu, waulizeni wazee wenu wangali hai: ni nani waliokula nao, waliolia nao, waliocheza nao upatu? Wajueni kwa majina na nyumba zao. Mkiwazuru, nendeni na watoto, tena msiende mikono mitupu. Dua ya mtoto kwa marehemu huwa na uzito zaidi anapojua anamwombea nani.

Allah amrehemu Bibi yetu, alinawirishe kaburi lake, na awape afya na mwisho mwema marafiki zake waliobaki. Amin.