Likasi: Raboti yenye meno ya widia, je, inamlipa seremala?

Kwa seremala wa Likasi, msumari mmoja uliofichika ndani ya ubao unaweza kuharibu kazi ya siku nzima. Raboti ya umeme ya mezani ikiugonga, visu vyake vinapata pengo. Kuanzia hapo, kila ubao unaopita unatoka na mstari ulioinuka kutoka mwanzo hadi mwisho. Fundi anabaki na njia mbili: kupiga msasa kila ubao kwa mkono, ama kusimamisha kazi na kutafuta visu vingine, pengine mpaka Lubumbashi, umbali wa kilomita karibu 120.

Kuna njia ya tatu ambayo maseremala wa nchi nyingi wameichagua: kubadilisha kichwa chote cha visu, yaani kile chuma cha mviringo kinachozunguka ndani ya mashine. Kichwa cha kawaida kinabeba visu virefu viwili ama vitatu. Kile kipya kinabeba meno madogo ya mraba, kati ya 24 na 40 kwa raboti nyingi za mezani, yaliyopangwa kwa mzunguko kama nyuzi za skrubu. Kila jino limetengenezwa kwa widia na lina makali manne. Msumari ukivunja ukali mmoja, fundi analegeza skrubu moja, anageuza jino lile robo duara, anakaza, na kazi inaendelea. Meno mengine hayaguswi.

Widia si kitu kigeni kwa mkaaji wa Katanga. Ni unga wa tungsteni na kaboni uliounganishwa kwa kobalti, ambayo inafanya kazi ya gundi. Ilivumbuliwa Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1920, na kampuni ya Krupp ikaiuza kwa jina hilo la Widia, kwa maana ya "kama almasi". Kobalti inachimbwa hapa kwetu: Kongo ndiyo nchi ya kwanza duniani, na inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote. Madini ya tungsteni nayo yanachimbwa Kivu na Maniema. Lakini jino lenyewe linatengenezwa ng'ambo, na seremala wa Likasi analinunua kwa dola.

Faida inaonekana zaidi kwenye mbao ngumu za misitu yetu. Mulombwa na mukula zina nyuzi zinazopishana: upande mmoja zinaelekea mbele, upande mwingine nyuma. Kisu kirefu kinapiga ubao kwa upana wake wote mara moja, na nyuzi zinang'oka. Meno ya widia yanakata kidogo kidogo, moja baada ya lingine, na mara nyingi ubao unatoka laini hata pale nyuzi zinapogeuka. Kelele pia inapungua, jambo ambalo majirani wa ateliye watalifurahia. Vumbi halipungui: lile la mulombwa linawasha pua na kifua, kwa hiyo kitambaa ama maski inabaki ya lazima.

Hata hivyo, hesabu ya pesa ni nzito. Kichwa cha namna hiyo kinaweza kukaribia bei ya raboti ndogo yenyewe. Tena kinatengenezwa kwa modeli moja tu ya mashine. Cha modeli nyingine hakiingii. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei ya kichwa, uliza kwanza bei ya meno ya akiba na mahali yanapopatikana. Kichwa kisichokuwa na meno ya akiba kitakusimamisha kazi kama visu vya zamani. Na widia, ingawa ni ngumu, inavunjika kwa urahisi ikigongwa. Kukagua mbao za paleti kwa sumaku na kung'oa misumari kunabaki kazi ya kwanza.

Jambo la pili ni umeme. Kwetu mashine zinatumia volti 220. Zile zilizotengenezwa kwa soko la Marekani zinatumia 120 na zinahitaji transfoma. Umeme unaposhuka, mota inapoteza nguvu na kupata moto. Meno mengi hayaongezi nguvu ya mota. Vichwa vingine vinahitaji nguvu zaidi kuliko visu vya kawaida. Dawa ni kupunguza kina: milimita 1 kwa kila mpito inatosha, na kwa mbao pana na ngumu, nusu yake.

Anayeamua kubadilisha achomoe kwanza waya kwenye umeme. Kuzima swichi hakutoshi, hasa wakati wa delestaji, maana umeme unaweza kurudi mikono ikiwa ndani. Visu vya zamani vitoke kabla ya kitu kingine. Rulema za pande zote mbili zikaguliwe, na zenye kelele zibadilishwe sasa hivi. Chini ya kila jino pasafishwe kabisa, kwani chembe moja ya vumbi inainua jino na kuacha mstari kwenye ubao. Skrubu zikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji, mara nyingi nyutoni-mita 5 hadi 6, kwa kle ya kupimia nguvu. Mwishoni, kizungushe kichwa kwa mkono mpaka uhakikishe hakigusi kitu, ndipo urudishe umeme.

Katika mji huu wa viwanda, wenye mafundi hodari wa kuchonga vyuma, wazo la kuchongesha kichwa hapa hapa kwa bei ndogo linavutia. Ni hatari. Kichwa cha raboti ya mezani kinaweza kuzunguka mara 8,000 hadi 10,000 kwa dakika. Uzito ukizidi upande mmoja hata kidogo, rulema zinavunjika, na jino lisilokazwa vizuri linaruka kama risasi.

Kwa mwenye ateliye ndogo anayepitisha mbao chache kwa wiki, kuna msaada usiogharimu kitu. Kama visu vya mashine vinaweza kusogezwa, sogeza kimoja milimita 1 hadi 2 pembeni, ili pengo la kisu kimoja lifunikwe na kisu kingine. Mstari utapotea. Meno ya widia yanafaa kwa yule anayefanya kazi kila siku kwa mbao ngumu, na ambaye siku moja ya mashine kusimama inamgharimu mteja.