Je, Mungu Hasamehi Mpaka Apewe Dhabihu?

Mkristo akiulizwa kama Mungu aweza kusamehe dhambi bila dhabihu, mara nyingi hujibu papo hapo kwamba haiwezekani, kisha hufungua Waebrania 9:22, panapofundishwa kuwa ondoleo la dhambi huambatana na damu. Jibu hilo si la kupuuzwa, maana limesimama juu ya Maandiko. Lakini likiachwa peke yake humfanya Mungu aonekane kama hakimu ambaye moyo wake haulainiki mpaka apelekewe kitu, na sura hiyo hailingani na Biblia yote. Biblia ina mpangilio mwingine: Mungu hupenda kwanza, huazimia kusamehe, kisha hutoa njia ya upatanisho yeye mwenyewe. Kwa imani ya Kikristo, dhabihu ni zao la rehema ya Mungu, wala si bei ya kuinunulia.

Tuanzie kwenye Torati, ambako wengi hudhani mambo ni damu tupu. Mambo ya Walawi sura ya 4 inaeleza kwamba mtu wa kawaida aliyekosa bila kukusudia alileta mbuzi jike asiye na kilema, akaweka mkono juu ya kichwa chake, akamchinja. Kuhani akachovya kidole katika damu na kuipaka pembe za madhabahu. Sura ya 17 inatoa sababu: uhai umo katika damu, na Mungu ndiye aliyewapa watu damu hiyo iwe upatanisho. Anayetoa wa kwanza, basi, ni Mungu. Na sura ya 5 inamfikiria maskini. Asiyemudu mnyama alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa; asiyemudu hata hao alete sehemu ya kumi ya efa ya unga laini, kama lita 2 hivi, bila mafuta wala ubani. Kuhani alitwaa konzi moja ya unga huo, akaiteketeza madhabahuni, na mtu yule akasamehewa. Hakuchinja chochote. Kama damu ingekuwa sharti lisilo na mlango mwingine, maskini huyo angerudi nyumbani na dhambi yake.

Tena Torati yenyewe ilikiri mipaka ya dhabihu. Hesabu 15 inatenga dhambi zitendwazo kwa jeuri, na hizo hazikuwekewa mnyama. Mfalme Daudi alizini na mke wa Uria, kisha akapanga Uria auawe vitani. Hakukuwa na mbuzi wa kufuta hayo. Hata hivyo, katika 2 Samweli 12, Daudi anapokiri mbele ya nabii Nathani anaambiwa hapo hapo kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake, ingawa matunda machungu ya kosa lile yaliendelea kuiandama nyumba yake. Watu wa Ninawi walifunga, wakavaa magunia na kuacha udhalimu, wakaachiliwa. Hawatajwi kuchinja chochote. Isaya, Hosea na Mika waliwakemea watu waliojaza madhabahu huku wakiwanyima wanyonge haki. Naye Yesu, kule Kapernaumu, alimsamehe mtu aliyepooza aliyeshushwa kupitia darini, bila kumtuma kwanza Yerusalemu, ilhali hekalu lilikuwa bado limesimama na halikuteketezwa hadi mwaka 70 BK.

Hapo msomaji atauliza kwa haki: ikiwa ni hivyo, msalaba ulikuwa wa nini? Yesu huyohuyo, katika Mathayo 26, aliihusisha damu yake na ondoleo la dhambi za wengi, na hakuna Ukristo unaoweza kulifuta neno hilo. Jibu limo katika mfano alioutoa mwenyewe kwenye Mathayo 18. Mtumwa anadaiwa talanta 10,000, na mfalme anamsamehe deni lote kwa huruma tu. Mtumwa haleti kitu, lakini hasara haikuyeyuka: imebaki kwenye hazina ya mfalme. Kusamehe kosa zito ni kukubali kuibeba hasara yake. Ndivyo Paulo anavyouelewa msalaba anaposema katika Warumi 5 kwamba Kristo alikufa tungali wenye dhambi, na kwamba huo ndio uthibitisho wa upendo wa Mungu. Upendo ulitangulia kifo. Hata mwandishi wa Waebrania, katika mstari uleule wa 9:22, anasema ni karibu vitu vyote vilivyotakaswa kwa damu, kisha katika 10:4 anakana kwamba damu ya mafahali na mbuzi yaweza kuondoa dhambi. Hoja yake ni kwamba dhabihu zimefika mwisho.

Namna msalaba unavyookoa imejadiliwa kwa karne nyingi. Anselm wa Canterbury, mwishoni mwa karne ya 11, alisisitiza heshima ya Mungu iliyovunjwa. Abelard baada yake alisisitiza upendo unaoamsha upendo. Calvin akasisitiza adhabu iliyobebwa na Kristo kwa niaba yetu. Wakatoliki huiita Misa dhabihu, lakini Mtaguso wa Trento, mwaka 1562, ulifundisha kwamba anayetolewa pale ni Kristo yuleyule aliyejitoa msalabani. Pamoja na tofauti hizo, hakuna anayemdai mwenye dhambi alete dhabihu yake ya kuongezea.

Wengine huhofu kwamba msamaha wa bure utawafanya watu waizoee dhambi. Hofu hiyo ina jibu. Walawi 6 ilimtaka mwizi arudishe alichoiba na kuongeza sehemu ya tano. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Toba ya kweli hurekebisha palipoharibiwa, lakini hurekebisha kwa shukrani na haki, si kwa kulipia rehema. Ndiyo maana mwaka 1517 Martin Luther alipinga biashara ya vyeti vya rehema kule Ujerumani, na ndiyo maana leo muumini anayeambiwa apande mbegu ya fedha ili dhambi yake iondolewe ana haki ya kukataa. Atoe sadaka akipenda, amsaidie jirani, amrudishie aliyemdhulumu. Msamaha wenyewe aupokee bure, kwa sababu gharama yake Mungu ameshaibeba.