Kuwasomea Wazazi Matokeo ya Mtihani: Mwalimu Aseme Nini?

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi yatokapo, mwalimu mkuu hana budi kuyaeleza mbele ya wazazi. Kazi hii huonekana nyepesi: husoma asilimia ya waliofaulu, hutaja nafasi ya shule katika wilaya, kisha huketi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba taarifa ya namna hiyo, ingawa ni ya kweli, yaweza kuwaficha watoto wale wale ambao mwalimu anawajibika kwao.

Tuichukue Mikese, iliyo kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam na Morogoro. Tuseme katika shule moja ya huko waliandikishwa darasa la kwanza watoto 50. Miaka saba baadaye wakafanya mtihani watoto 30, wakafaulu 27. Mwalimu mkuu atatangaza kwamba shule imefaulisha asilimia 90, na wazazi watapiga makofi. Lakini tukihesabu tangu walipoanza, waliofaulu ni asilimia 54. Je, wale 20 wako wapi? Huenda baadhi wamehama au wamerudia darasa. Wengine wameacha masomo, wakafuata kazi za shamba au biashara ndogo ndogo za barabarani. Asilimia 90 haiwataji hata kidogo.

Hatari hii si ya kubuni. Mwaka 2013, chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, shule za msingi nchini zilianza kupangwa hadharani kwa matokeo yake, kitaifa na kiwilaya. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin waliuchunguza mpango huo na kuchapisha waliyoyaona mwaka 2021. Shule zilizokuwa mkiani katika wilaya zao zilipandisha matokeo. Hapo kutangaza kulizaa juhudi. Lakini pia shule ziliwaengua baadhi ya wanafunzi katika darasa la mwisho. Yaani, njia mojawapo ya kupandisha wastani ilikuwa kumzuia aliye dhaifu asifike katika chumba cha mtihani.

Januari 2023, lilipotoa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza orodha ya shule bora na wanafunzi bora kitaifa. Hata hivyo, matokeo ya kila shule yaliendelea kutolewa, na mzazi ana haki ya kuyafahamu. Kuyaficha si dawa. Dawa ni kuyatangaza kwa ukamilifu.

Kwa hiyo tuwazoeze wanachuo wetu kuandika ubaoni mambo manne kabla ya kuanza kuzungumza na wazazi.

Kwanza, idadi ya watoto walioanza darasa la kwanza, na maelezo ya kila aliyepungua, bila kumwaibisha mtoto kwa jina.

Pili, idadi ya watahiniwa na ya waliofaulu, si asilimia peke yake. Katika shule yenye watahiniwa 20, mtoto mmoja ni asilimia 5. Wawili wakiugua siku ya mtihani, shule yaweza kushuka sana bila kosa la mtu.

Tatu, matokeo ya kila somo yakilinganishwa na ya miaka iliyotangulia, ili ionekane kama tatizo liko katika Hisabati, Kiingereza au kwingineko.

Nne, wajibu: walimu wangapi walikuwapo, vitabu vingapi, utoro ulikuwaje, na nani atafanya nini kabla ya mwaka ujao. Mwalimu aanze na wajibu wake mwenyewe. Ndipo atakapokuwa na uso wa kuwauliza wazazi, kamati ya shule na serikali ya kijiji juu ya wajibu wao.

Tukumbuke kwamba mzazi wa mtoto aliyeacha shule naye huketi katika mkutano huo. Taarifa isiyomhesabu mwanawe haijatoa hesabu ya shule, hata kama makofi ni mengi.