MALI BILA DAFTARI: WAYA GANI UFAAO DISKI YA NAKALA

Vyama vingi vya akiba na mikopo pembezoni mwa Dar es Salaam, Madale ikiwa mojawapo ya sehemu hizo, huweka hesabu zao katika kompyuta moja tu, na mara nyingi kompyuta hiyo hukaa nyumbani kwa katibu au mweka hazina. Kompyuta hiyo ikiharibika au kuibwa, hisa, akiba na marejesho ya wanachama hukosa ushahidi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa sababu hiyo kila chama hakina budi kuwa na nakala ya hesabu katika diski ya nje. Swali linalowatatiza makatibu wengi wakati wa kununua ni hili: diski hiyo iunganishwe na kompyuta kwa njia gani?

Njia ya kwanza ni USB 2.0, iliyotolewa mwaka 2000. Kipimo chake ni megabiti 480 kwa sekunde, lakini katika kazi halisi hupitisha megabaiti 35 hivi. Kunakili gigabaiti 100 huchukua kama dakika 48.

Njia ya pili ni USB 3.0, iliyotolewa mwaka 2008. Kipimo chake ni gigabiti 5 kwa sekunde. Diski ya kuzunguka iwezayo kuandika megabaiti 100 kwa sekunde humaliza kazi ile ile kwa dakika 17 hivi. Matundu yake mara nyingi huwa na rangi ya buluu ndani. Diski ya USB 3.0 hufanya kazi hata katika tundu la USB 2.0, ila kwa mwendo wa pole.

Njia ya tatu ni eSATA, iliyoanza mwaka 2004 na kuonekana katika baadhi ya kompyuta za mezani za zamani. Ina kasi ya kutosha, lakini waya wake wa kawaida haupitishi umeme. Diski huhitaji waya mwingine wa umeme. Kompyuta nyingi mpya hazina tundu hilo. Chama kisinunue diski ambayo kompyuta ya kesho haitaweza kuisoma.

Jambo la umeme lisipuuzwe. Diski ndogo ya inchi 2.5 hupata umeme kupitia waya wa USB wenyewe: tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500, na la USB 3.0 miliampia 900. Diski kubwa ya inchi 3.5 hutegemea umeme wa ukutani. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, diski hiyo huzimika na nakala huweza kuharibika. Diski ndogo ikiunganishwa na kompyuta ya mapajani yenye betri nzima, kazi huendelea. Kwa hiyo, kwa chama cha kawaida, diski ya inchi 2.5 ya USB 3.0 ndiyo ifaayo. Ichomekwe moja kwa moja katika kompyuta kwa waya mfupi, si kupitia kigawanyio kisicho na umeme wake.

Hata hivyo, waya mzuri pekee hautoshi. Yafaa yafuatayo yazingatiwe:

1. Diski ziwe mbili, zitumike kwa zamu. Moja ihifadhiwe mbali na kompyuta.

2. Kompyuta iamriwe kuitoa diski kabla ya kuichomoa. Kisha diski isiachwe imechomekwa, kwani virusi na hitilafu ya umeme huweza kuharibu vyote kwa pamoja.

3. Diski ifungwe kwa nywila, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inadai taarifa za watu zilindwe. Nywila ijulikane na viongozi wasiopungua wawili.

4. Kila mwezi faili moja lifunguliwe kutoka katika nakala, na salio lake lilinganishwe na leja.

Tarehe ya kila nakala iandikwe katika daftari na kutiwa saini. Wanachama nao wana haki ya kuuliza katika mkutano mkuu nakala ya mwisho ilichukuliwa lini, na katibu awe tayari kuonyesha.