Torner aliwaendea wale tuliokuwa tukiwaogopa

Miaka ile ya mauaji, wazazi wa watoto wenye ualbino huku Usukumani tulipewa ushauri mmoja: mficheni. Mwanaharakati Josephat Torner alifanya kinyume. Yeye mwenyewe ana ualbino, lakini alifunga safari hadi kwenye vijiji ambako wenzake walikuwa wameuawa, akasimama mbele ya watu huku akijua kwamba muuaji huenda yumo mkutanoni, akazungumza nao.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Bariadi, na binti yangu ana ualbino. Wapo wanaosema wanaharakati ni watu wa maneno tu. Mimi nasema kazi ya Torner ndiyo iliyonionyesha namna ya kumlea mtoto huyu, na ndiyo maana naiandika.

Torner amesimulia mara nyingi kwamba alipozaliwa, mama yake alishauriwa ampe sumu. Mama akakataa. Mtoto akakua, akasoma, akaoa, akawa baba. Mauaji yaliposhika kasi kuanzia mwaka 2007, aliiacha familia yake nyumbani akazunguka nchi, akishirikiana na chama cha watu wenye ualbino kilichoanzishwa mwaka 1978. Mwingereza Harry Freeland alimfuata na kamera kwa miaka kadhaa, na filamu yake, In the Shadow of the Sun, ikatoka mwaka 2012. Humo tunamwona Torner akikutana na mganga uso kwa uso, na tunamwona akiupanda Mlima Kilimanjaro ili watu waache kusema kwamba mtu kama yeye hana nguvu. Baadaye alianzisha taasisi yenye jina lake.

Kwetu habari hizi hazikuwa za kusikia redioni tu. Bariadi ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Shinyanga, maana Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Mwaka 2009 Mahakama Kuu huko Shinyanga iliwahukumu kifo watu wanne kwa kumuua mtu mwenye ualbino katika kijiji cha Nkindwabiye, wilayani Bariadi. Nchi nzima, waliouawa tangu mwaka 2000 wamepita 70. Wapiga ramli waliwaambia wachimbaji wa dhahabu na wavuvi kwamba viungo vya watu hawa vinaleta utajiri. Ni ramli chonganishi hizo hizo zilizowaua vikongwe wetu kwa kuitwa wachawi, eti kwa sababu wana macho mekundu, wakati macho yale yaliharibiwa na moshi wa jikoni. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta leseni za waganga wa jadi. Ramli zikaendelea kwa siri, kwa kuwa wateja walikuwa bado wanaziamini.

Hapo ndipo ninapoona uzito wa alichokifanya Torner. Leseni hufutwa na serikali kwa siku moja. Imani iliyomo kichwani mwa mtu huondolewa na mtu mwenzake, kwa kumwendea, kumsalimu na kumjibu maswali yake, hata yale ya kuudhi.

Watoto wengi walipelekwa kwenye vituo kama Buhangija mjini Shinyanga. Vituo hivyo viliokoa maisha, na nawashukuru waliovilinda. Lakini mtoto aliyekaa kituoni miaka mingi hurudi kijijini akiwa mgeni: hajui kwa bibi wala kwa shangazi, na wenzake hawamjui. Mimi na mume wangu tuliamua binti yetu akue nyumbani. Tulianza kwa balozi wa nyumba kumi, tukaenda kwa sungusungu, kisha kwa majirani, mlango kwa mlango. Tuliwaeleza kwamba ualbino si laana wala si uzinzi wa mama. Baba na mama wote wawili hubeba chembe ya urithi inayozuia mwili kutengeneza rangi, na wanaweza kuibeba maisha yao yote bila kuonekana. Wakikutana wawili wa namna hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mwenye ualbino. Bibi mmoja alitusikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Mayu (mama), kwa hiyo hata mimi naweza kuwa nayo?" Nikamjibu ndiyo, bibi, hata wewe.

Yupo adui mwingine ambaye hatajwi kwenye vichwa vya habari: jua. Simiyu ni mkoa wa pamba, na palizi ya pamba hufanywa juani. Ngozi isiyo na rangi huungua, hutoa vidonda visivyopona, na saratani huanza mtu akiwa bado kijana. Watu wengi wenye ualbino huondolewa duniani mapema na saratani ya ngozi, tena kwa maumivu ya muda mrefu. Kinga yake inajulikana: kofia yenye ukingo mpana, mikono mirefu, losheni ya kuzuia jua, na kuchunguzwa ngozi mara kwa mara. Losheni ya Kilisun hutengenezwa hapa hapa nchini, Moshi, na ilibuniwa kwa ajili yao.

Darasani shida ni macho. Mtoto mwenye ualbino ana uoni hafifu, na macho yake huchezacheza. Walimu wenzangu, msimwite mzembe. Mketisheni mbele, mbali na dirisha lenye mwanga mkali, mruhusuni asogee ubaoni, na mwombeeni mapema mtihani wa maandishi makubwa.

Yapo yaliyobadilika. Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa kuwa mbunge mwaka 2008, Salum Barwany akachaguliwa na wananchi wa Lindi Mjini mwaka 2010, na Dkt. Abdallah Possi akawa naibu waziri mwaka 2015. Wote wana ualbino. Lakini mwaka 2024 mtoto mdogo mwenye ualbino aliporwa mikononi mwa mama yake mkoani Kagera na kuuawa. Na Februari 2025 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba nchi yetu haikuwalinda watu hawa ipasavyo.

Serikali itekeleze hukumu hiyo. Nasi tulio vijijini tusiisubiri. Mzazi mwenzangu, mtoe mtoto wako: mpeleke kliniki, shuleni, kanisani au msikitini, mnadani, harusini. Mtambulishe kwa jina lake na la ukoo wake. Mtoto aliyefichwa akiibiwa, wanaojua ni wawili watatu. Anayejulikana na kitongoji kizima akikosekana hata saa moja, mwano, yaani yowe la kuita watu, utapigwa, na kila mwanamume na mwanamke atatoka kumtafuta, kwa sababu atakuwa ni mtoto wao.